Padri Evariste wa Shituru, Aliyewazika wa Pande Zote Mbili

Alizaliwa Shituru, mtaa wa viwanda wa mji wa Likasi, mwezi wa Novemba mwaka 1938, wakati mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kuosha vumbi la viwanda juu ya mabati ya kambi ya wafanyakazi. Baba yake, Georges Sakaj, alikuwa Mlunda wa upande wa Sandoa. Alifika akiwa kijana kuvunja mawe ya chokaa Kakontwe, kisha akapata kazi kwenye mitambo ya shaba. Mama yake, Julie Ngalula, alikuwa binti wa Mluba wa Kasai aliyeletwa na kampani ya shaba zamani za baba zetu. Wazazi hawa hawakuwa na lugha nyingine ya kupendana isipokuwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hicho waliwafundisha watoto wao Baba Yetu. Evariste Nawej alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa Casimir Yav, aliyemzidi miaka minne. Mama Julie alikuwa akisimulia kwamba kitoto Evariste hakulala mpaka asikie sauti ya kaka yake ikiimba jikoni.

Casimir alijaliwa sauti ambayo wazee wa parokia wanaitaja hata leo. Evariste hakujaliwa sauti, alijaliwa masikio ya kuisikiliza. Jumapili baada ya misa ndugu hao wawili walipanda baiskeli moja, mkubwa kwenye kiti na mdogo nyuma, wakaenda hadi Koni kutazama maji ya Lufira yanavyoingia kwa kishindo kwenye mitambo ya umeme. Katika mojawapo ya safari hizo Evariste alitoa siri yake. "Yaya," alisema nyuma ya mgongo wa kaka yake, "minye minataka kuwa mupadri." Casimir alicheka hata akasimamisha baiskeli. "Weye? Weye unaogopa hata giza ya sakristia!" Lakini alipomgeukia na kuona mtoto hacheki, naye aliacha kucheka. "Basi, siku ile minye nitakuimbia misa ya kwanza. Hakuna mwingine." Hivyo wito wa padri huyu ulipokelewa kwanza na ndugu yake, kabla haujafika masikioni mwa mapadri.

Evariste alipokuwa seminarini, nchi ilipata uhuru, na Katanga ikajitenga. Casimir aliingia jeshi la Katanga kama vijana wengi wa rika lake walivyofanya, wengine kwa imani, wengine kwa kukosa kazi, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu marafiki zake wote walikuwa wameingia. Kujitenga kulipokwisha, askari hao waliishi kwa wasiwasi. Baba yao alifariki mwaka 1964. Mwezi wa Juni 1967, marafiki wa Casimir walipoanza kukamatwa na kutoweka mmoja mmoja, alipita nyumbani Shituru mchana, akala akiwa amesimama, akamkumbatia mama yake, akaenda zake upande wa magharibi hadi akavuka mpaka wa Angola. Evariste hakuwapo. Alipewa daraja ya upadri Jumapili ya tarehe 6 Agosti mwaka uleule, sikukuu ya Bwana Kugeuka Sura. Kwaya iliimba vizuri. Mama Julie alisema baadaye kwamba padri mpya alipogeuka kuwabariki watu kwa mara ya kwanza, macho yake yalikwenda kwenye benchi la waimbaji, yakakaa pale kidogo, yakarudi.

Miaka kumi iliyofuata alikuwa padri wa parokia ya Shituru, na mtu asiyemjua angesema hakuna kilichotokea katika miaka hiyo. Alibatiza, aliwatembelea wagonjwa, alipatanisha wake na waume. Likasi ilikuwa imeacha jina lake la kikoloni, Katanga iliitwa Shaba, na mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, hata padri mwenyewe aliandikwa Nawej Sakaj kwenye karatasi zake. Kulitaja jina la mtu aliyekimbilia Angola kulikuwa hatari kwa nyumba nzima. Kwa hiyo katika kila misa, baada ya kuwaombea wagonjwa na marehemu, Padri Evariste aliongeza maneno matatu tu: "na walio mbali." Watu walielewa. Nyumba nyingi za Shituru zilikuwa na mtu aliye mbali, na kanisa zima liliitikia ombi hilo kwa sauti kubwa kuliko maombi mengine yote. Saa kumi alasiri, treni ya kutoka Kolwezi ilipoingia mjini, mara nyingi alionekana amesimama karibu na reli na breviari mkononi, akisali, na kati ya zaburi na zaburi akiwatazama wanaoshuka.

Hamu hiyo ilimsumbua rohoni. Alikwenda kuungama kwa Padri Théodore, mzee aliyemlea seminarini, akamwambia kwamba ana hamu ya ndugu yake kuliko aliyo nayo ya mbingu, na kwamba anaona haya mbele ya altare. Alidhani ataambiwa afunge na kuishinda. Mzee akamwambia, "Usiiondoe. Mwoneshe Mungu hamu hiyo kila siku, kama mtu anavyomwonesha daktari kidonda. Yeye atajua la kuifanyia." Padri Evariste alitii shauri hilo maisha yake yote, na sisi tunaamini kwamba huko ndiko utakatifu wake ulikoanzia.

Mwezi wa Machi 1977 vita viliingia Shaba. Watu waliovuka mpaka miaka kumi nyuma, wengi wao Walunda, walirudi na silaha kutoka Angola, wakashuka na njia ya reli hadi Mutshatsha. Treni na malori ya askari wa serikali yalipita Likasi yakielekea magharibi, yamejaa vijana wa Equateur na wa Bas-Zaïre waliozungumza Kilingala, waliokuwa hawajui hata jina la mji wanaoupita. Treni moja ilisimama mchana kutwa. Baadhi ya askari walitafuta kanisa, wakamkuta padri akifagia. Mmoja wao alipiga magoti na kuungama kwa Kilingala, lugha ambayo Padri Evariste hakuijua. Alishika maneno machache tu: mama, damu, woga. Alimwondolea dhambi huku kijana analia. Treni ilipoondoka, alikwenda kwa askofu akaomba apelekwe kuwa padri wa askari.

Mama Julie aliposikia, aliweka chini mwiko wa bukari, yaani ugali, akamtazama. "Utaenda kubariki bunduki yenye itaua ndugu yako?"

"Mama, siendi kubariki bunduki. Bale batoto beko nakufwa bila mupadri."

"Na Casimir? Yeye eko na mupadri?"

Padri Evariste alipiga magoti akaomba baraka. Mama alikataa kwanza, akatoka nje akakaa barazani. Kisha alirudi na mikono yake bado ina unga, akaiweka kichwani pa mwanawe, akasema, "Enda. Lakini umutafute."

Maisha ya dini kati ya askari hayakuwa kama yale ya parokia. Altare ilikuwa ubao wa nyuma wa lori ulioshushwa. Waliokuja walikuwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu bila kutengana, kwa maana woga hauulizi mtu dhehebu lake. Kila kundi liliimba wimbo wake kwa lugha yake, na padri aliwaachia waimbe. Wengi walivaa rozari na dawa ya mganga katika uzi mmoja shingoni. Padri mwingine angekasirika. Yeye aliwaambia tu, "Wakati wa kusali, mkono ushike rozari," na baada ya majuma machache alikuta dawa nyingi zimetupwa majanini bila yeye kutoa amri. Askari walipoiba mbuzi wa mwanakijiji mmoja siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, alikataa kuanza misa. Alisimama na kanzu yake mbele ya lori, huku mbuzi analia nyuma ya hema la jiko. Mwishowe sajini mmoja alimfungua mbuzi akaondoka naye kumrudisha, na misa ikaanza. Sajini huyo alikuwa mtu wa Boende, huko Equateur. Baada ya misa alimkaribia padri akamnong'oneza kwa Kiswahili kidogo alichokijua, "Padri, kwa ubatizo minye ni Constantin." Tangu siku hiyo askari walikuja mmoja mmoja kumwambia majina yao yaliyokatazwa, na yeye aliwaita kwa majina hayo katika kitubio na katika Komunyo, mahali ambapo hakuna aliyesikia isipokuwa Mungu.

Lakini kazi iliyomfanya akumbukwe ni ya mazishi. Wafu wa upande wa serikali walizikwa na wenzao, naye padri akiwasalia. Wafu wa upande wa pili waliachwa pale walipoanguka, kando ya reli na kwenye majani marefu. Padri Evariste alichukua jembe akawazika yeye mwenyewe, na baada ya siku kadhaa Sajini Constantin alikuja kumsaidia, kisha wengine. Wengi walikuwa wameanguka kifudifudi. Kila aliposhika bega la maiti ili kuugeuza uso, mikono yake ilitetemeka hata Constantin akadhani ana homa. Uso ulipoonekana kuwa wa mtu mwingine, padri alipumua na kumshukuru Mungu. Halafu aliona haya kwa shukrani hiyo, kwa sababu huyu naye alikuwa na mama aliyekuwa akimngoja mahali fulani. Alimwambia Constantin habari hiyo siku moja walipoketi kupumzika juu ya mataruma ya reli. "Kila siku namuomba Mungu nimuone ndugu yangu," alisema, "na kila siku namuomba nisimuone hapa."

Ijumaa ya juma la Pasaka, tarehe 15 Aprili, askari walimkamata mtu mmoja majanini, ameumia paja vibaya. Hakuwa kijana, nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Majoro Bokonda, aliyekiongoza kikosi hicho, hakuwa mtu mkatili kwa kawaida, lakini alikuwa amepoteza watu juma lile na hakuwa na gari la kuwabeba hata majeruhi wake. Aliamuru mtu yule apigwe risasi kando ya reli. Padri Evariste aliposikia alikuja mbio, akamkuta mfungwa amekalishwa chini na askari watatu mbele yake, Constantin akiwa mmoja wao. Alipita kati ya bunduki na mtu, akaketi chini ubavuni mwake, akaivua stola yake, ule ukanda wa kipadri wa shingoni, akaizungushia mabega ya wote wawili.

Majoro alikuja kwa hasira, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Padri, toka hapo. Uyu ni adui."

"Ni majeruhi, Majoro."

"Weye ni Mulunda. Banasema bote beko bandugu yako. Sema leo mbele ya baaskari: uko upande gani?"

Hapo Padri Evariste angeweza kunyamaza. Kwa miaka kumi alikuwa ameilinda nyumba ya mama yake kwa kunyamaza. Alijua pia kwamba kati ya wasikilizaji wapo waliotumwa kusikiliza. Alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Ndugu yangu wa tumbo moja, Casimir Yav, eko upande ile. Minamupenda. Na nyinyi benye muko hapa, minawapenda sawasawa naye. Mukipiga uyu, munipige pamoja, juu siwezi tena kuchagua."

Constantin alishusha bunduki yake akaiegemeza kwenye mguu. Wawili wengine walimtazama, wakafanya vilevile. Majoro aliwaangalia watu wake, akamwangalia padri, na midomo yake ilicheza kama mtu anayetaka kusema maneno mengi. Mwishowe alisema, "Gari sina. Ukimutaka, umubebe weye mwenyewe," akageuka akaenda.

Walimpatia baiskeli iliyookotwa kijijini. Padri alimkalisha mfungwa juu yake, akamfunga paja kwa kitambaa cha altare, akaisukuma baiskeli kufuata njia ya reli kuelekea misheni ambako masista walikuwa na zahanati. Mtu yule aliitwa Fidèle, na alikuwa mzaliwa wa Kolwezi. Njiani, maumivu yalipopungua, aliuliza, "Padri, ile jina ulisema pale. Casimir Yav. Ule mwenye kuimba?"

Padri alisimama. Alishika usukani kwa mikono miwili ili baiskeli isianguke.

"Minamujua," alisema Fidèle. "Eko muzima. Lakini hakuya na siye. Bomu ya chini iliaribu mugulu yake, miaka mingi sasa. Alibakia kule Angola. Eko nafundisha batoto ya bakimbizi kuimba."

Padri Evariste aliilaza baiskeli taratibu, akamketisha mgonjwa kivulini, akaenda hatua chache akalia. Katika vita vile vyote ndugu yake hakuwamo. Nyuso zote alizozigeuza kwa hofu, hata mmoja usingeweza kuwa wake. Fidèle, aliyetusimulia haya, alidhani kwamba padri sasa ataomba kurudi Likasi kumpelekea mama yake habari njema. Lakini padri alimfikisha kwa masista, akakaa naye usiku mmoja, akarudi kikosini. Siku iliyofuata alichukua jembe. Constantin anashuhudia kwamba mikono yake ilitetemeka vilevile juu ya kila maiti, ingawa alijua kwamba Casimir hayupo. Alipomwuliza kwa nini, padri alijibu, "Bamama bengine habayapata habari."

Vita vilipokwisha mwishoni mwa Mei alirudi Shituru. Mama Julie alipoambiwa kwamba mwanawe mkubwa anaishi, alikaa chini sakafuni akacheka na kulia pamoja. Furaha hiyo haikudumu mwezi. Watu wasiojitambulisha walikuja kumchukua padri kwa sababu ya maneno aliyoyasema kando ya reli. Alizuiliwa miezi mitano mahali ambapo familia haikuambiwa. Inajulikana tu kwamba aliulizwa jina la ndugu yake, akasema Casimir, na alipoambiwa kwamba jina hilo limekatazwa, alijibu, "Ndilo mama yetu alilomwita." Inajulikana pia kwamba mlinzi mmoja alibatizwa mle kwa maji ya kikombe cha kunywea. Alipoachiliwa Novemba, figo zake zilikuwa zimeharibika, na uso wake umevimba hata watoto wa katekisimu hawakumtambua mara moja. Aliendelea kuadhimisha misa akiwa ameketi. Aliendelea pia, akishikwa mkono na katekista, kwenda kuwaungamisha askari wa kambi ya mjini, na kwa kuwa sasa alikijua Kilingala, alichojifunza vitani, aliwasikia vizuri.

Alifariki Ijumaa ya juma la tatu la Kwaresima, tarehe 3 Machi 1978, katika nyumba ya mama yake, mwanga wa alasiri ukiingia mlangoni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Treni ilipopiga honi upande wa stesheni, alifungua macho. "Mama," alisema, "minye nitamungojea upande ingine. Weye umungojee huku." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Wafanyakazi wa kiwanda walimsindikiza na nguo zao za kazi, na askari kadhaa walisimama nyuma ya umati bila silaha.

Katikati ya mwaka uleule, baada ya vita vya pili vilivyoingia Shaba mwezi wa Mei, msamaha ulitangazwa kwa waliokimbia. Casimir alifika Likasi mwezi wa Februari 1979, akitembea kwa gongo, nywele zimekuwa mvi. Mama yake alimtambua toka mbali kwa namna alivyoinamisha kichwa. Alipoambiwa habari ya mdogo wake, alikaa Shituru, akafundisha kwaya, na kila alipokufa mtu asiye na jamaa mjini, yeye na waimbaji wake walikwenda kumzika.

Kanisa bado halijatoa hukumu yake juu ya padri huyu, na sisi hatutangulii mbele ya Kanisa. Tunaandika tu yale yaliyosemwa na waaminifu. Fidèle, ambaye masista walikuwa wamemwandalia sanda, alipona akatembea tena, na anadai kwamba homa ilimwacha saa ileile padri alipomwekea mikono. Élise, mama wa Kakontwe, hakuwa na habari za mwanawe askari tangu vita vya kwanza. Alisali siku tisa kwenye kaburi la Padri Evariste, na kabla novena haijaisha mwanawe alibisha hodi. Wapo pia waliosali bila kuona mtu yeyote akirudi, na hao tusiwasahau. Wengi wao wanasema kwamba walipewa nguvu ya kungoja bila kuchukia.

Mwaka 1984, karibu na sikukuu ya Marehemu Wote, mzee mmoja aliyevaa kiraia alishuka garini Shituru akauliza nyumba ya mama wa padri. Alikuwa Majoro Bokonda, amestaafu. Alisimama mlangoni akasema jina lake, akasema yeye ndiye aliyetoa amri siku ile, na kwamba maneno ya padri yaliandikwa na watu wake naye hakuwazuia. Mama Julie alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisogeza kiti mezani, akaenda jikoni, akarudi na bukari na sombe ya majani ya mhogo. Casimir alichukua jagi na beseni, akaja akichechemea na gongo lake, akainama mbele ya mgeni, akammwagia maji mikononi. Waliokuwapo wanasema Majoro hakuweza kula mara moja, na kwamba hakuna aliyemharakisha.

Ewe msomaji, ukitaka kumwiga padri huyu, usitafute vita. Tafuta mtu mmoja ambaye kumpenda kunakugharimu, na usiache kumpenda wakati unapoulizwa mbele ya watu. Na hamu uliyo nayo kwa yule asiyerudi, usiizike. Mpe Mungu hamu hiyo ingali hai, kila siku, hadi itakapokuwa kubwa ya kutosha kuwapenda wengine wote.